Chaja ya Haraka na Jicho la Masanja

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, hata kwa habari ambayo mdomo wangu ungependa kuimeza.

Nilifika Mpanda kwa treni mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, wakati wa masika. Kwetu Handeni nilikuwa nimeondoka zamani, nikiwa na cheti cha kidato cha nne, na baadaye ufundi kidogo wa umeme wa magari niliojifunza kwenye gereji moja ya Morogoro. Morogoro nilikaa, nikahama. Dodoma nilikaa, nikahama. Tabora nilidumu mvua mbili. Mimi ni mtu ambaye nikiwa hapa nalilia kule, na nikirudi kule nakuta si pale nilipokuwa napatamani. Treni yetu ilipofika Kaliua tukaambiwa reli ya Mpanda imefunikwa na maji, tukakaa siku mbili tukilala juu ya mizigo. Kando yangu alikuwa Msukuma mmoja, mkewe na watoto wao mapacha. Aliniuliza kabila. Nilipomwambia mimi ni Mzigua, akanyoosha mkono, akanipokonya muhogo wa kuchoma niliokuwa naula, akaumaliza.

"Huyu mtani wangu," akamwambia mkewe. "Mzigua hali peke yake mbele ya Msukuma. Atapaliwa."

Huyo ndiye Masanja. Mkewe tulimwita Mama Kulwa. Ndugu zake walikuwa wametangulia na ng'ombe hadi Kasokola, lakini yeye alichoka kuchunga, akataka kazi ya mjini. Treni ilipotufikisha tulikuwa tayari tumepatana. Tukapanga chumba Makanyagio, karibu na nguzo ya umeme, tukaanza kuchaji betri.

Wakati ule umeme ulikuwa mjini tu, tena kwa saa chache. Watu wa vijiji vya Kasokola na Kabungu walifunga betri ya gari kwenye kariya ya baiskeli, wakaja nayo kwetu, ili redio ziimbe na spika za kanisa zisikike. Chaja yetu ilikuwa ndogo, yenye mita ya kupimia umeme. Betri iliyoandikwa sabini tuliipa ampea saba, basi. Ilichaji polepole, na umeme ukikatika mteja aliambiwa arudi kesho. Walinung'unika. Mtu ametoka mbali na baiskeli, anataka aondoke na betri yake siku hiyohiyo. Tena watu wa kule walikuwa na imani moja: betri ni mpaka ichemke. Waliinamisha sikio juu ya matundu yake kama watu wanaosikiliza chungu cha maharage. Isipochemka kwa kelele, walisema haijashiba, tumewaibia.

Nikaenda Tabora kutafuta chaja nyingine. Dukani zilikuwa mbili. Moja ilikuwa na mita na fyuzi, na betri ikikaribia kujaa ilijipunguza yenyewe. Ya pili ilikuwa boksi zito la chuma, limetengenezwa kwa mashine ya kuchomelea. Haikuwa na mita, haikuwa na fyuzi, na ilisukuma ampea thelathini au zaidi bila kujali iko mbele ya betri gani. Muuzaji hakunidanganya. Alisema hilo boksi ni la kuamsha lori lililogoma, dakika chache tu, si la kulaza betri usiku kucha. Nilimsikia vizuri. Nikachukua boksi.

Masanja alilizunguka akilitazama.

"Mtani, hili halina macho," akasema. "Litajuaje kwamba betri imejaa?"

"Itachemka. Wewe si una masikio?"

"Ng'ombe aliyeshinda na kiu ukimwachia kisima chote, anakufa amesimama. Kwetu hata mtoto anajua."

"Ndiyo maana nyie mnaswaga ng'ombe, sisi tunashika nyaya."

Akacheka. Huo ndio utani, ndugu zangu. Unaweza kumwambia mtu jambo la kweli akalicheka, na wewe ukalicheka, na ukweli ukabaki umekaa pale bila mtu wa kuuokota.

Kazi ilikwenda mbio. Betri zilichemka kama wenyewe walivyopenda, na chumba kikajaa hewa ile ya kukereketa koo. Masanja akaweka sheria yake: dirisha liwe wazi, mashine izimwe kwanza, kisha tusubiri kidogo kabla ya kugusa klipu zinazobana betri. Hewa inayotoka kwenye betri inayochemka inashika moto kwa cheche ndogo kabisa. Hilo hata mimi nilifundishwa gereji. Lakini kuzima na kusubiri kulinichosha, nami nilikuwa nimeanza kuichoka Mpanda.

Alasiri moja mvua ilinyesha ya upepo, nikafunga dirisha. Betri tatu zilikuwa zinachemka. Dereva wa lori la Kabungu alikuwa nje anapiga honi, anataka yake kabla barabara haijakatika. Masanja aliinama juu ya betri kutazama maji.

"Zima kwanza, mtani," akasema.

"Woga wako utatufunga duka," nikamjibu, nikavuta klipu mashine ikiwa imewaka.

Ulikuwa mlio mmoja, kama bunduki. Betri ilipasuka juu, tindikali ikamwingia Masanja machoni. Mimi niliungua mkono wa shati. Nilimmwagia ndoo ya maji, kisha nyingine, naye alikuwa anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nini? Nini kimetokea?"

Watu wakajaa mlangoni. Pakiti ya sigara ilikuwa imemdondoka Masanja mfukoni, iko sakafuni inalowa. Mtu akaniuliza kulikoni. Nikasema, "Alikuwa na sigara."

Maneno matatu. Sikuyapanga, lakini sikuyarudisha.

Pale hospitali walisema jicho la kulia limekwisha. La kushoto lingeweza kuokolewa akipelekwa mapema Mwanza kwa daktari wa macho. Safari na matibabu yalihitaji ng'ombe wauzwe, na ng'ombe walikuwa kwa kaka zake. Kaka zake wakaja, wakamtazama, wakasema mtu anayewasha sigara juu ya betri amejichoma mwenyewe, na ukoo hauuzi ng'ombe kwa uzembe. Wakarudi Kasokola. Kumbe neno langu lilikuwa limefika huko kabla yao.

Na Masanja aliliamini. Ule mlio ulimfutia kumbukumbu ya dakika zile zote. Alijua tu kwamba huvuta sigara, na kwamba mimi nilikuwepo nikaona. Nilipokwenda kumwona alinishika mkono akasema, "Nisamehe, mtani. Nimetuharibia kazi." Nikamwambia yamepita. Mungu anisamehe, nilimwambia yamepita!

Wiki zikapita. Mama Kulwa alimwongoza mumewe hadi chooni na kurudi. Mchana niliwaza treni. Nilijua siku yake na saa yake. Chakula kilikuwa kama mchanga. Niliwaza kwetu Handeni, mama yangu anaanua mahindi kabla ya mvua, nikaona hata huko sina uso wa kupeleka.

Jumapili moja Masanja aliniomba nimsindikize kwenye kanisa dogo alikokuwa anasali. Mimi sikuwa mtu wa kusali. Tulikaa benchi la nyuma. Wakati wa ushuhuda akasimama, ameshika bega langu ili asiyumbe.

"Ndugu zangu," akasema, "nimekuja kutubu. Mungu aliniambia niache sigara, sikuacha. Nimeyaharibu macho yangu, nimemwunguza mwenzangu, nimewatia wanangu njaa. Mniombee."

Wakaitikia amina. Mkono wake ulikuwa mzito begani kwangu kama ile betri. Nilisikia ndani yangu neno moja, simama, na sikulitoa mimi. Nikasimama.

"Hakuwa na sigara," nikasema. "Ni mimi. Nilivuta klipu mashine imewaka."

Masanja akacheka. "Mtani, kaa chini," akasema. "Hata kanisani hunionei huruma?" Na watu waliotujua wakacheka naye.

"Siyo utani," nikasema.

Walikuwa bado wanacheka. Nikarudia. Nikaeleza dirisha, honi ya lori, yeye alivyoniambia nizime, mimi nilivyomjibu. Vicheko vikaisha kimojakimoja. Masanja alikuwa amegeuza uso upande wangu, na yale macho yaliyofungwa kitambaa.

"Ampea ngapi?" akauliza.

"Sijui. Haina mita."

Akaondoa mkono begani kwangu, akapapasa benchi, akakaa.

Siku hiyohiyo Mama Kulwa alikwenda Kasokola kwa baiskeli ya mwinjilisti. Kaka zake Masanja wakauza ng'ombe wawili, wakampeleka Mwanza. Daktari alifanya alichoweza, akasema wangewahi zaidi angefanya zaidi. Masanja alirudi akiona mwanga, na umbo la mtu akisimama karibu.

Mimi nilibaki. Lile boksi nililikata nyaya, nikalifungua vipandevipande ili lisimfae mtu yeyote. Nikarudi Tabora kununua ile chaja nyingine. Nikamfundisha Mama Kulwa: soma namba ya betri, ipe ampea sehemu moja ya kumi ya namba hiyo, angalia mita, acha dirisha wazi, zima kabla ya kugusa. Mteja akitaka ichemke, mwambie betri si maharage. Alijifunza haraka kuliko mimi.

Masanja alikaa mlangoni akisikiliza. Alinijibu kila nilipomsalimia. Aliniita kwa jina langu, si mtani tena.

Alipokuwa amehakikisha kwamba mkewe anaweza kazi peke yake, aliniita. "Nimekusamehe mbele za Mungu," akasema. "Sikudai kitu. Lakini kila nikisikia sauti yako asubuhi, lile jicho linapasuka upya. Nenda."

Nikaenda. Nimehama miji mingi kwa kuchoka, ila Mpanda niliondoka kwa kuambiwa. Mama Kulwa alinifungia viazi vya njiani. Treni ilipoanza kusogea nililia mbele za watu, na katika kulia huko nikagundua kwamba kifua changu kinapitisha pumzi hadi chini, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu siku ya mvua ile.

Namshukuru Mungu aliyenisimamisha kwenye lile benchi. Hakunirudishia rafiki, wala hakumrudishia Masanja jicho. Alinitoa tu ndani ya uongo wangu ningali hai. Ndugu yangu unayesoma, kama kuna mtu anatubu dhambi yako mahali fulani, Mungu huyo anaweza kukusimamisha na wewe. Mtegemee, usimame leo, maana kuna macho yanasubiri.