Levo ya Thelathini na Nane

Benchi hili ni langu, ingawa ukiwasikia wanaolikalia utadhani mimi ndiye mpangaji. Nililiweka nje ya mgahawa wangu wa kahawa, chini ya paa la mtaa wetu wa maduka hapa Amagasaki, jirani na Osaka, kwa ajili ya wateja wanaosubiri meza. Hakuna aliyewahi kusubiri. Meza zangu ni tano na tatu huwa tupu. Walionyakua benchi ni Bwana Reli, kondakta mstaafu wa treni ambaye hata akiomba sukari anaomba kama anatangaza kituo. Mama Tofu, muuza jibini ya soya iitwayo tofu, ambaye duka lake liko hatua kumi kutoka hapa na wateja wake wamezoea kujihudumia. Na Profesa, mwalimu wa masomo ya jioni, anayejua sababu ya kila jambo kabla halijatokea. Kikombe kimoja huwatosha kwa muda wa saa tatu. Mimi wananiita Kahawa tu, kama vile sikupewa jina nilipozaliwa. Jumapili ile ya Novemba, saa nne asubuhi, walikuwa wanagombana kuhusu gemu.

Gemu lenyewe ni Mnara wa Kengele Saba. Lilitoka mwaka 1988, nasi sote hapa tulilicheza: wengine wakiwa watoto, wengine wakiwa watu wazima waliopaswa kuwa na kazi za kufanya. Sasa limetolewa upya, limepakwa rangi na kutiwa nakshi, na Bwana Reli alikuwa amelijaribu kwa mjukuu wake.

Bwana Reli: Lile la zamani halijazeeka hata kidogo. Hili jipya ndilo la wazee. Lina mshale! Mshale unakuonyesha pa kwenda! Hiyo ni safari au unasindikizwa hospitali?

Mama Tofu: We mzee, si juzi ulipotea ndani ya kituo cha Osaka, na umekifanyia kazi miaka thelathini? Ungepewa mshale ungeukataa?

Bwana Reli: Walihamisha ngazi!

Profesa: Tulieni niwafafanulie. Gemu la zamani lilimjenga mtu. Angalieni kusevu tu, kuhifadhi pale ulipofika. Unabonyeza kitufe cha kuanza upya, unakishikilia hivyo hivyo, halafu mkono wa pili ndio unazima mashine. Ukikurupuka, safari yako yote inafutika. Kizazi kizima kilifundishwa kwamba huondoki mahali kabla hujamaliza.

Bwana Reli: Ndiyo maana treni zetu hazikuchelewa.

Mama Tofu: Treni zilikuwa hazichelewi tangu enzi za babu yangu, na babu yangu hakuwahi kushika pedi ya gemu.

Profesa: Babu yako alizaliwa na adabu. Sisi ilibidi tuuziwe dukani. Tena niwaambie, mnajua kwa nini uchumi ulianguka mwanzoni mwa miaka ya tisini?

Mama Tofu: Haya, tumeanza.

Profesa: Watoto waliona dhahabu inadondoka kila ukimpiga chura. Kila chura! Wakawaambia baba zao. Baba zao walikuwa watu wa benki.

Mama Tofu: Kwa hiyo chura ndiye aliyeangusha benki.

Profesa: Sisemi alikuwa peke yake.

Mama Tofu: Basi na mimi niseme langu. Ule muziki wa kijiji cha kwanza nilikuwa naupiga kwenye redio kaseti wakati wa kugandisha tofu. Inatoka laini, haina hata ufa. Ukiweka muziki wa pangoni, yote inapasuka.

Bwana Reli: Ya jana ilikaa sana pangoni.

Mama Tofu akamtishia kwa kijiko. Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa, na kahawa ni yangu, hasara ni yangu. Wakaingia kwenye sifa, kama kawaida yao. Bwana Reli alilimaliza lile gemu mara tatu, mara moja akiwa na homa. Profesa alilimaliza bila kununua upanga. Mama Tofu alilimaliza huku ananyonyesha, mtoto mkono wa kushoto, pedi mkono wa kulia. Nami nikadakia kwamba nililimaliza siku mbili kabla ya harusi yangu. Hapo ndipo Fundi Mitsugu alipotoka dukani kwake.

Mitsugu ni fundi saa, duka lake limepakana na mgahawa wangu. Ana miaka arobaini na mitatu, mpole, mtu wa kubadilisha betri na kurudisha chenji bila maneno mengi. Asubuhi ile alikuwa amevaa shati jipya na amekwisha kufagia mbele ya duka mara tatu.

Mitsugu: Limezeeka vibaya.

Bwana Reli: Nani kazeeka?

Mitsugu: Gemu. Nisameheni, wazee wangu, lakini mnasifia kitu mlichokiona mara ya mwisho mkiwa na nywele. Unatembea hatua tatu, vita. Hatua tatu, vita. Mkokoteni una kasi kuliko yule shujaa. Ukitaka kuongea na mtu, unachagua kwanza kuongea, halafu unachagua upande aliosimama, kama vile yeye haoni kuwa umemfuata. Lile jangwa la kaskazini nimelivuka kwa miezi minne.

Profesa: Miezi minne! Wewe umelicheza lini?

Mitsugu: Kila Jumapili, nikishafunga duka. Mwaka wa pili huu.

Mama Tofu: Fundi, na wewe una matatizo. Kama halifai, nani anakulazimisha?

Alitazama upande wa kituo cha treni, akatazama saa yake, akatazama na saa za kwenye kabati kana kwamba moja ingemwonea huruma. Nikamwambia akae. Nikampa kahawa ya bure, jambo ambalo wale watatu waliliona na hawajalisahau hadi leo.

Mitsugu: Kaka yangu anakuja leo kutoka Sapporo, kaskazini kabisa. Mama anatimiza miaka sabini na saba, tunakula wote mchana.

Mama Tofu: Yasunori? Si jambo jema hilo? Sasa mbona umekaa kama unasubiri kung'olewa jino?

Ndipo alipotueleza, na nitaeleza kwa ufupi kwa sababu yeye alizunguka sana. Mwaka lilipotoka gemu, Yasunori alikuwa na miaka kumi na miwili, Mitsugu saba. Kaka ndiye aliyecheza, mdogo alikaa pembeni kutazama. Kaka akafika levo, yaani ngazi, ya thelathini na nane, mbele ya ule mnara wenyewe, na shuleni darasa zima lilikuwa linasubiri amalize. Siku moja kaka amebaki shuleni kwa zamu ya usafi, Mitsugu akawasha mashine kwa siri ili amtembeze shujaa kidogo tu. Akasikia viatu vinavuliwa mlangoni. Akashtuka, akazima. Akazima bila kushikilia kile kitufe. Walipowasha jioni, daftari la safari, ambamo gemu huandika ulipofika, lilikuwa jeupe.

Mitsugu: Baba alinipigisha magoti kwenye mbao za ukumbini mpaka chakula cha usiku. Hiyo si kitu. Kaka hakusema neno. Alijifunika blanketi gubigubi, nikaona mabega yanatikisika. Analia, na mimi ndiye niliyemliza. Hakucheza tena gemu na mimi. Alipotimiza miaka kumi na minane akapata kazi Sapporo. Tukikutana ni habari za afya na hali ya hewa.

Bwana Reli: Kwa hiyo wewe...

Mitsugu: Nilitafuta kaseti ya gemu, ile ile. Nikabadilisha betri ya ndani inayotunza safari, inafanana na za saa zangu. Nimemrudishia safari yake. Jina lile lile, silaha zile zile, levo ya thelathini na nane, amesimama mbele ya mnara. Nataka nimpe leo. Ila usiku sikulala. Je, akiona ni utoto? Je, akikasirika upya?

Hakuna aliyecheka. Lakini benchi ni benchi, ushauri haukukawia.

Bwana Reli: Mpe kwa mikono miwili, umeinama nyuzi arobaini na tano, useme: tunaomba radhi kwa kuchelewa kwa safari yako.

Profesa: Usiseme lolote. Mtumbukizie kwenye begi. Aikute Sapporo. Hasira haisafiri kwa ndege.

Mama Tofu: Achaneni naye, nyie. Fundi, mwambie tu. Ukimaliza kumwambia, nyamaza.

Bwana Reli: Au tuzime umeme wa mtaa mzima...

Hatukujua umeme ungesaidia nini, maana Yasunori alikuwa amekwisha kusimama mbele yetu. Mwembamba, mvi masikioni, mkononi ana boksi la zawadi, kaa wa baharini wa huko kwake Hokkaido, lililofungwa kwa kamba.

Yasunori: Hamjambo. Mitsugu, umepungua.

Mitsugu: Kaka. Karibu. Safari ilikuwaje? Huko baridi imeanza?

Yasunori: Imeanza.

Wakaishiwa. Kweli kabisa, afya na hali ya hewa. Mama Tofu akamsukuma Mitsugu kwa goti, si kidogo.

Mitsugu: Kaka, kabla hatujaenda kwa Mama, ingia dukani dakika moja.

Duka la Mitsugu lina kioo kikubwa, kwa hiyo sisi wanne hatukuhitaji kuinuka kwenye benchi. Tuliinuka hata hivyo, tukajazana mlangoni. Ndani kulikuwa na televisheni nzito ya zamani juu ya meza ya kazi na mashine chini yake. Mitsugu akawasha. Akasimama kando, mikono imebana mapajani. Kwenye kioo cha televisheni pakatokea daftari la safari: Yasu, levo thelathini na nane.

Mitsugu: Nilikufutia mimi. Nimekurudishia. Naomba unisamehe.

Akainama, akabaki ameinama. Yasunori aliitazama ile televisheni. Kisha akaweka boksi la kaa sakafuni na kukaa juu ya kiti cha wateja, taratibu, kama mtu aliyepewa majibu ya vipimo.

Yasunori: Mitsugu, inuka. Inuka, nakuomba. Nilikuwa nimekwama.

Mitsugu: Umekwama wapi?

Yasunori: Hapo hapo. Mlango wa mnara. Miezi miwili nauzunguka, haufunguki. Nimejaribu kila kitu. Na darasa zima nimeshawaambia nitamaliza Jumamosi, wanakuja nyumbani kutazama. Nilikuwa naumwa tumbo kila asubuhi, Mitsugu. Siku uliyofuta, niliingia kwenye blanketi nikacheka. Nilicheka nikauma mto ili Baba asisikie.

Mitsugu: Ulikuwa unacheka?

Yasunori: Shuleni nikawaambia mdogo wangu amenifutia. Wote wakanionea huruma. Wakanipa na mikate. Halafu nikakukuta ukumbini umepiga magoti, na sikusema. Kesho yake nikasema nitasema kesho. Nikikuona unashika pedi naona aibu, nikaacha kucheza na wewe. Baadaye ikawa kubwa, siwezi hata kuianza.

Mitsugu akashika saa ya mezani. Nilidhani atampiga nayo.

Mitsugu: Miguu ilikufa ganzi! Nilitambaa kwenda mezani!

Yasunori: Nakumbuka.

Mitsugu: Miaka miwili, Kaka! Lile jangwa! Wale ng'e! Unajua ng'e mmoja anahitaji mapigo mangapi?

Yasunori: Tisa.

Mitsugu: Tisa! Kumi na moja kama huna upanga!

Hapo akaanza kucheka. Alicheka akishikilia meza, machozi yanamtoka, na kaka yake naye akaanza, vicheko vyao vinafanana kabisa, kitu ambacho mtaa mzima haukukijua. Nasema wazi, nilifurahi. Mama Tofu alikuwa analia waziwazi na kumlaumu Bwana Reli kwamba moshi wa sigara yake unamwingia machoni. Bwana Reli aliacha sigara miaka sita iliyopita.

Yasunori akajifuta uso, akatutazama sisi tuliojazana mlangoni.

Yasunori: Ninyi ni watu wa gemu hili, mnaonekana machoni. Nisaidieni basi. Ule mlango wa mnara unafunguliwaje?

Nikamtazama Bwana Reli. Bwana Reli akamtazama Profesa. Profesa akavua miwani na kuanza kuipangusa, nayo ilikuwa safi. Mama Tofu akakumbuka kwamba kuna mteja dukani. Mimi nikajitia kuhesabu siku kati ya gemu na harusi yangu.

Yasunori: Hakuna hata mmoja?

Bwana Reli: Mimi... nilihamishwa kituo, kipindi kile.

Profesa: Kitaalamu, kumaliza ni dhana pana.

Yasunori akamgeukia mdogo wake.

Yasunori: Wewe je? Umecheza miaka miwili. Umefika pale pale.

Mitsugu: Sijui, Kaka. Nilisimama ulipoishia. Sikugusa mlango. Sikutaka kukutangulia.

Yasunori alivuta kiti cha pili karibu na cha kwake, akakigonga kwa kiganja. Mitsugu akakaa. Kaka akashika pedi, mdogo akasogeza uso kwenye televisheni. Sisi tukasogea nyuma yao, kila mtu na wazo lake: Bwana Reli anataka wazunguke mnara kinyumenyume, Profesa anataka wasubiri usiku wa ndani ya gemu, Mama Tofu, aliyerudi bila kuuza chochote, anataka wabishe hodi. Hakuna wazo lililofaa, na kila hatua tatu palikuwa na vita.

Saa sita kasoro simu ya Mitsugu ikalia. Ni mama yao, anauliza wako wapi, wali wa maharage mekundu unapoa. Yasunori ndiye aliyepokea, macho hayajabanduka kwenye mlango.

"Tunakuja, Mama," akasema, kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. "Tuko wote wawili. Tumekwama kidogo."