Mama Chupa na Kopo Lililoganda

Wasikilizaji wapendwa, mama huyu alikuwa ameshashuka nusu ya ngazi, ndoo yenye brashi zake mkononi, aproni bado imelowa. Juu mlangoni amesimama Kocha, mwenye jimu, anamwita.

"Mama Chupa! Rudi hapa, hatujamalizana!"

Mama hageuki. Anajibu huku anashuka.

"Tumemalizana, Kocha. Nimesema mbele ya watu wote. Ukitaka nirudie, utasikia hayo hayo."

Akafika chini, akavuka barabara, akaenda zake.

Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita. Jumanne ya wiki jana ameondoka tena, na safari hii akiitwa haitiki. Mama Chupa amefariki dunia akiwa na miaka sitini na minane. Leo tumkumbuke.

Jina lake lilimponza. Asiyemjua akilisikia alidhani mama ni mlevi. Wakwe wa binti yake waliwahi kuuliza, kwa adabu zote, kama amewahi kujaribu kuacha. Kumbe mama wa watu hata soda ilimpanda puani. Chupa zake zilikuwa za plastiki, arobaini na kitu, kila moja ina jina la mwenyewe kwenye kipande cha utepe. Alikuwa mwosha chupa na mchanganya vinywaji katika jimu ya ghorofani, juu ya karakana ya samani. Kila meza ilipopigwa msasa huko chini, vumbi lilipanda hadi kwenye vyuma.

Kazi yake ilikuwa hii. Vijiko viwili vya unga kutoka kwenye kopo kubwa, maji baridi, kifuniko, tikisa. Unga ulikuwa mwekundu, unanukia matunda, na kopo lina picha ya mtu asiye na shingo. Watu wa pale hawakuinua chuma bila chupa miguuni. Mazoezi yanaendelea, nao wanakunywa. Kinyozi mmoja aliinua mara moja, akanyonya mara tatu.

"Wewe baba," Mama Chupa alimuuliza, "umekuja kunyanyua au kunyonya?"

"Mama, hii ndiyo inayonyanyua. Mimi nashikilia tu."

Kama kweli ile ndiyo iliyokuwa inanyanyua, Mama Chupa hakuwahi kujiuliza. Miaka kumi na mmoja alichota tu.

Sasa sikilizeni lililotokea. Jioni moja aliliacha kopo jipya wazi, karibu na birika la maji ya moto ya kuoshea. Mvuke ukaingia. Asubuhi unga ulikuwa umeganda kama saruji. Akapiga kwa kijiko, kijiko kikapinda. Akapiga kwa mpini wa brashi, wapi. Kosa ni lake, na Kocha hakuwa mtu wa kuchekea kosa. Mama akaingiwa na woga. Akachukua sukari, akachukua chumvi kidogo, akachukua rangi nyekundu ya keki. Akatikisa, na kopo akaliacha mezani kama kawaida. Akasema moyoni, ni ya leo tu.

Ya leo tu ikawa wiki tatu.

Na hakuna aliyejua. Wiki tatu, wasikilizaji wangu, hakuna aliyejua! Kinyozi aliongeza kilo tano kwenye chuma chake, akalibusu kopo lililoganda. Kocha mwenyewe alisema, "Hili la safari hii ni kali, nalisikia mpaka kwenye magoti." Mama Chupa aligeukia sinki ili asionekane anavyocheka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini cha Mama Chupa kilitembezwa na wanywaji wenyewe.

Kicheko kilimwishia kwa mtu mmoja. Mtu huyo ni Winchi.

Winchi alikuwa mwana wa marehemu mdogo wake, mpakiaji mizigo ghalani. Jina alipewa na wenzake kwa jinsi alivyobeba kama winchi, ile mashine ya kuinulia mizigo. Alikuwa anajiandaa kwa usaili wa kikosi cha zimamoto: kukimbia, kupanda ngazi na mpira wa maji begani, kushuka, kupanda tena. Aliutaka ule usaili kuliko kitu chochote. Siku zote mchana alipita kwa mama mkubwa wake, akala, akarudi ghalani. Ghafla akaacha kupita.

"Mbona huonekani mezani?" Mama Chupa akamuuliza pale jimu.

"Nimejaa, mama mkubwa. Kopo limeandikwa, mle ndani mna kila kitu. Chakula kinanipa uzito bure."

"Umesoma wapi?"

"Ubavuni. Maandishi madogo."

Mama Chupa akaishika ile chupa ya maji mekundu, akaitazama, akampa. Jambo hili lilimsumbua hadi mwisho wa maisha yake. Binti yake, ambaye ni muuguzi, ametuambia hivi: "Mama alikuwa akisema, ya woga nimejisamehe. Lakini siku ile nilikuwa nimeshajua, na bado nilimpa."

Siku kumi baadaye Winchi akaja kutoka ghalani, tumboni hamna kitu. Akaanza kupanda na kushuka ngazi, gunia la mchanga begani. Mara ya saba akaegemea ukuta. Akateleza taratibu mpaka chini, uso umekuwa kama majivu. Watu wakamzunguka.

"Mpeni chupa! Chupa yake iko wapi?"

"Ongezeni kijiko kimoja!"

Mama Chupa akapiga moyo konde. "Leteni chakula! Humo hamna kitu. Ni maji, sukari na rangi ya keki. Wiki tatu sasa mnakunywa maji yangu."

Kocha akakimbilia kopo, akalitikisa. Likagonga kama jiwe.

Kinyozi ndiye aliyetangulia kusema. "Kwa hiyo zile kilo tano zangu?"

"Ni zako, baba. Kalale nazo."

Winchi alipewa mkate na mayai mawili, rangi ikarudi. Lakini hakushukuru. Alimtazama mama mkubwa wake kwa macho ambayo mama hakuyajua. "Uliniona sili," akasema. "Uliniona, ukaniachia." Akavaa viatu akaondoka. Kocha akaanza kufoka. Ndipo Mama Chupa akabeba ndoo yake, na zile ngazi mnazijua.

Jioni hiyo hiyo alikwenda kwa binti yake, akauliza swali ambalo hakuuliza miaka kumi na mmoja. Kinywaji kile cha katikati ya mazoezi, kina faida au hakina? Binti alimjibu polepole, nami narudia polepole. Mtu aliyekula vizuri, akafanya mazoezi ya saa moja hivi, maji yanamtosha. Anayekwenda mbio muda mrefu, saa na nusu, saa mbili, kwenye joto, huyo sukari kidogo na chumvi kidogo vitamfaa. Huo unga mwingine wa kujenga misuli, kama sahani yako ina maharage, mayai, samaki, hauongezi mengi. "Ng'ombe hanenepi siku ya mnada, mama," binti akasema. "Ukiwa na njaa tangu asubuhi, chupa ya jioni haikuokoi." Kisha akacheka. "Lakini ulichowapa si bure kabisa. Wakimbiaji wa mwendo mrefu wangekushukuru."

Mama Chupa hakucheka.

Winchi alishindwa usaili wa kwanza. Miguu ilimwisha nguvu alipopanda ngazi mara ya tatu. Miezi minane hakukanyaga kwa mama mkubwa wake. Akimwona upande huu wa barabara, anahamia ule. Mama alipika kila mchana chakula cha watu wawili, akala cha mmoja, kingine akampa jirani. Jirani alinenepa, akaanza kuulizwa kama ana mimba.

Mwezi wa tisa, mchana, mlango ukagongwa. Winchi amesimama, jasho la ghalani linamtoka. Hakuomba msamaha wala hakuutoa.

"Mama mkubwa, kuna chakula?"

"Kaa."

Alikula sahani mbili. Kesho yake akaja tena. Usaili wa pili ulikuwa baada ya wiki kumi na moja. Akapita.

Mama Chupa alirudi jimu, maana hakuna aliyeweza kuosha chupa arobaini bila kuchanganya vifuniko. Akatoa sharti moja: kabla hajachota, anauliza, "Umekula nini leo?" Asiyekula alipewa maji matupu, na maneno makali juu yake. Alifanya hivyo miaka saba, mpaka figo zilipomwangusha.

Kwa binti yake, kwa Winchi, kwa wote wa ile ghorofa, poleni sana. Mungu awape subira. Nawe msikilizaji unayeshika chupa sasa hivi, jiulize mchana ulikula nini. Na kama unajua kilichomo kwenye chupa ya mwenzako, mwambie leo.

Jimu bado ipo. Kocha aliuza nusu yake kwa mwenye karakana, kiuno kinamsumbua. Kopo jipya lilinunuliwa na watu wanalinywa. Kinyozi analinywa pia. Anasema anajua, ila anapenda ladha. Binti yuko wodi ya watoto, zamu ya asubuhi. Winchi ni kiongozi wa zamu katika kikosi cha zimamoto, ana mke na mtoto mmoja wa kike. Kila mchana hula kituoni. Jirani amehama.