Soksi za Magurudumu za Madam Jepkemboi

Pwap! Lastiki ikigonga chuma, kimya kidogo, halafu pwap! tena. Hiyo ndiyo sauti inayonijia kila mtu anapomtaja Madam Sylvia Jepkemboi, mwalimu wetu wa ubunifu wa mitambo, anayestaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja, baada ya miaka ishirini na tisa katika chuo chetu hapa Eldoret.

Alianza akiwa mwanamke pekee katika karakana. Wanafunzi wake wa kwanza walidhani ni karani aliyepotea njia, mpaka alipowasha mashine ya kuchomelea. Tangu hapo ni wachache waliomwona bila buti zake nyeusi za kazi. Amezivaa kwenye mahafali, amezivaa kwenye harusi ya binti yake, na picha zipo. Meza ya watoto pia aliianzisha yeye: ile kona ambapo wanafunzi wa mwaka wa mwisho hutengenezea watoto wenye ulemavu vifaa vya kuwawezesha kujiendea wenyewe.

Mwaka wetu wa mwisho tulipewa Salma, msichana wa miaka sita kutoka mtaa wa Langas, ambaye miguu yake haina nguvu. Tulimtengenezea kigari chekundu cha magurudumu matatu, cha kuendeshwa kwa mikono. Shuleni alikimbiza nacho kuku wa mwalimu mkuu. Lakini nyumbani, mama yake, Halima, alituambia bado anatambaa. Madam akaamua kosa liko kwenye breki. Wiki nzima tulifungua breki, tukafunga, tukafungua tena. Salma akaendelea kutambaa.

Basi Madam akaenda mwenyewe, nasi nyuma yake. Kwa kina Halima viatu huvuliwa mlangoni, maana ndani ni zulia. Hapo wanakula na hapo wanaswali. Madam akainama kufungua kamba za buti, kazi isiyo ndogo, na akiwa ameinama hivyo ndipo alipokiona kigari. Kilikuwa kimepangwa ukutani pamoja na ndara za nyumba nzima, magurudumu yamejaa matope. Alicheka mpaka majirani wakatoka. "Na sisi tunatengeneza breki!" alisema, amesimama na soksi zake, moja ya kijani, nyingine imetoboka kidoleni. Halima alikuwa ameona haya kutuambia kwamba kigari, kama viatu, hakiingii ndani. Hakutaka tudhani anadharau kazi yetu.

Tukashona soksi za magurudumu, kitambaa kigumu na lastiki. Mwenzetu Kimutai, anayechomelea bomba bila mkono kutetemeka, alijidunga sindano mpaka akaomba glavu. Soksi za kwanza zilibana, ikabidi Halima azivalishe yeye. Tulishangilia hata hivyo. Madam akazivua. "Mama akivalisha, hatujamaliza," alisema. "Huyu anataka kuingia kwao mwenyewe."

Za tatu ndizo zilizokubali. Salma alifika mlangoni, akavuta, akasogea kidogo, akavuta tena. Pwap! Gurudumu la pili, pwap! Lile dogo la mbele likafuata, kisha akapita katikati yetu hadi ndani kwenye zulia. "Kimevaa soksi kama Madam," alitangaza, "lakini zangu hazijatoboka." Madam alijifuta macho kwa mkono wenye grisi, na tukarudi chuoni naye akiwa na uso mweusi kama wa fundi wa gereji.

Miaka miwili imepita na sasa mimi ni mwalimu katika karakana hiyohiyo. Kwenye chai ya kumuaga, Madam hakuuliza habari za zawadi. Aliuliza ni nani atampima Salma, kwa sababu amekua na magoti yake yanagonga fremu. Mimi hujibu polepole.

Madam, asante kwa kila kitu ulichokataa kukiita kimekwisha. Ukapumzike vizuri huko Chepkoilel, ng'ombe wakuzoee haraka, na buti zipate siku za kukaa mlangoni. Kuhusu swali lako: Jumamosi nilienda Langas, nikavua viatu, nikampima Salma. Kiti kipya cha kigari nimeshakikata, magoti yapate nafasi. Kiko juu ya meza ya watoto, na nimekipaka rangi nyekundu, kama alivyotaka.