Tamka, Naandika: Maisha ya Karani wa Mahakama

Marehemu, ambaye nyote mlimwita Karani, hata wale aliozaliwa nao, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya wanne wa mtunza ghala na mkunga. Wasifu huu hautasema kwamba alikuwa mpole, kwa sababu yeye mwenyewe angesimama kuusahihisha. Alikuwa mbishi, mwepesi wa kununa, na masikio yake hayakuangusha neno. Dada yake mkubwa, aliyeketi mstari wa mbele, hupenda kusimulia kwamba Karani akiwa na miaka mitano alimrudishia mama yao maneno yote ambayo mgeni aliyasema baada ya kuaga na kutoka nje. Alichapwa. Hakubadilika.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, katika darasa lililopakana na kiwanda cha sabuni, akamaliza sekondari mwaka 1979. Mwaka uliofuata aliingia chuo cha uhazili kusomea hati mkato, yale maandishi ya haraka ya alama. Darasani walikuwa wasichana thelathini na mmoja, na yeye. Mtaani walimcheka mpaka wakachoka. Alihitimu wa kwanza, maneno mia na arobaini kwa dakika, na cheti akakitundika ukutani mkabala na mlango, mahali ambapo kila mgeni wa nyumba yake, atake asitake, angekiona.

Tangu Mei 1982 hadi alipostaafu Machi 2021 aliketi mbele ya meza ya jaji akiandika yaliyosemwa. Si yaliyokusudiwa, wala yaliyopaswa kusemwa. Siku moja jaji alipandwa na hasira akamwita wakili punda, kisha akainama: "Karani, hilo futa." Karani hakuinua kichwa. "Mheshimiwa, na hilo la kufuta nimeshaliandika." Alipelekwa stoo ya majalada kwa miezi minne. Aliporudi, jaji alikuwa amejifunza kunyamaza.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Desemba 1989 na fundi wa miwani, mwanamke aliyekuwa akisaga vioo katika duka lililotazamana na mahakama. Alipomtaka uchumba na yule mwanamke akakubali, Karani alimwomba arudie taratibu. "Kwani unataka na muhuri?" aliuliza mwanamke. Walijaliwa mtoto mmoja wa kike, ambaye leo ni mpima ardhi.

Ugonjwa ulioingia katika nyumba ile haukuwa wake, ulikuwa wa mkewe. Jumanne tarehe 6 Februari mwaka huu, katika chumba chenye viti viwili na pazia la plastiki, daktari alimwambia mama huyu kwamba uvimbe katika titi lake ni saratani. Karani alikuwa ameshatoa daftari.

"Mzee, unaandika nini?" daktari aliuliza.

"Maneno yako. Huyu amesikia neno moja tu. Hayo mengine atayasikia nyumbani."

Ndivyo ilivyokuwa. Jioni ile alimsomea yote, kwa mwendo uleule wa daktari, na pale daktari alipokohoa akanyamaza kidogo. Mkewe alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Rudia pale penye 'tumeuona mapema'." Alirudia. Kwa wiki nyingi aliombwa kurudia pale tu, asubuhi akimfunga kilemba, kwenye foleni ya vipimo vya damu, bafuni akimshikia beseni. Hakuhitaji tena kufungua daftari.

Msidhani ilikuwa fungate. Baada ya dripu ya kwanza ya dawa za saratani, Alhamisi tarehe 22 Februari, alianza kuandika saa za mkewe kutapika na vijiko vya uji alivyokula. Siku ya pili mama akalinyakua daftari. "Mimi si kesi yako," alimwambia. "Ukitaka kukaa na mimi, kaa. Ukitaka kuniandika, toka." Karani alikaa. Tangu hapo hakuandika tena habari za mkewe. Aliandika ya wengine.

Na wengine walikuja. Jumapili tarehe 25 Februari, siku ya tatu baada ya dripu hiyo, ndugu zake Karani walifika saa nne asubuhi, wakajaza sebule chini ya kile cheti. Mgonjwa alikuwa chumbani, nyuma ya ukuta wa mbao. Yaliyosemwa yamo katika daftari, ukurasa wa kushoto kwa alama, wa kulia kwa maandishi ya kawaida, na yanasomwa hapa jinsi yalivyo.

Baba mdogo: "Ugonjwa huu ni wa ukoo wake. Sisi kwetu haupo."

Dada mkubwa: "Mdogo wangu, wewe bado una nguvu. Mtu hujipanga kabla."

Karani: "Kujipanga kwa lipi?"

Dada mkubwa: "Usinilazimishe kutamka."

Karani: "Tamka, dada. Naandika."

Kisha dada mkubwa akatamka: huyu mama apelekwe kwao akauguzwe na ndugu zake, na Karani atafutiwe mtu wa kumpikia. Mlango wa chumba ukafunguka. Mgonjwa alitoka kwa miguu yake, kilemba kichwani, akashika kiti. "Wifi," alisema, "chai iko jikoni. Mipango yenu nimeisikia, nashukuru. Ila sukari mjitilie wenyewe."

Hakuna aliyekunywa. Hakuna aliyerudi pia. Mdogo wake wa mwisho, anayewasomea haya, hakuwapo sebuleni, lakini yumo ukurasa wa tisa, simu ya dakika mbili kutoka uwanja wa ndege: "Kaka, mpe pole shemeji. Nitakuja mambo yakitulia." Mambo hayakutulia, naye hakuja hadi Jumamosi iliyopita.

Dripu ya pili ilikuwa tarehe 14 Machi, siku Karani alipotimiza miaka sitini na mitatu, na ya tatu tarehe 4 Aprili. Zote mbili alikaa kwenye kiti cha chuma pembeni ya mkewe, saa tano mfululizo, wakigombana kwa sauti ya chini juu ya dirisha lifunguliwe au lifungwe.

Karani alifariki dunia asubuhi ya Ijumaa tarehe 19 Aprili 2024. Alikuwa jikoni akichemsha maji ya chumvi, ambayo mkewe husukutulia vidonda vya mdomo. Binti yake alimkuta ameketi, kichwa ukutani, maji yamebaki nusu. Cheti cha daktari kinasema ni moyo. Baba yake aliondoka hivyohivyo, akiwa na miaka sitini na mmoja, na babu yake vilevile. Baba mdogo na asikie vizuri: ugonjwa huu ndio wa ukoo wetu. Wale waliokuwa wakinong'ona uani kwamba mama huyu amemmaliza mume wake, nao wamesikia.

Kamati ya familia ilikuwa imeandaa wasifu mwingine. Ulisema kwamba ndugu walisimama na marehemu bega kwa bega katika kuuguza. Mjane aliusoma bila miwani, akaurudisha. "Yeye aliandika kilichosemwa," alisema. "Nanyi mwandikieni hivyo." Kwa hiyo yaliyochapwa katika ratiba mliyoishika ni haya.

Limebaki neno moja. Jana dada mkubwa alitangaza mbele ya waombolezaji kwamba matibabu yasimame mpaka msiba upite, maana mjane hawezi kuonekana hospitalini siku mbili baada ya kuzika. Watu watasema nini. Dripu ya nne ni keshokutwa. Daftari linajibu, ukurasa wa ishirini na mbili. Siku ya dripu ya pili mama aliomba aruke wiki moja, na daktari akamwambia: "Tarehe ikifika, njoo. Kama damu haitaruhusu, nitakurudisha mimi. Usijirudishe mwenyewe, wala asikurudishe mtu." Maneno hayo Karani ameyapigia mstari. Katika daftari zima hakuna maneno mengine yaliyopigiwa mstari.

Marehemu ameacha mjane, ambaye yuko hai, anatibiwa, na uvimbe wake ulionekana mapema. Ameacha binti mmoja. Ndugu wengine wanajijua, na kurasa zao wanazijua. Alhamisi saa mbili asubuhi kile kiti cha chuma hakitakuwa kitupu. Mdogo wake wa mwisho atakikalia, na daftari atakuwa nalo. Hati mkato hajui, anaandika polepole. Daktari atalazimika kumsubiri.

Karani na apumzike, na amani aliyonyimwa sebuleni kwake aikute hapa.