Mwanasiti wa Majengo na Hesabu ya Mahamri

Wasikilizaji wapendwa, shikeni vikombe vyenu vya chai, mketi nami kidogo. Leo tunamkumbuka Mwanasiti Shariff, mpika mahamri wa Majengo, hapa mjini Nyeri. Mama Mwanasiti ametutoka. Presha ilimwangusha jikoni Jumatano asubuhi, na kabla ya magharibi alikuwa ameshazikwa. Nina uchungu, na sitaki kuuficha.

Mwanasiti alimlea mjukuu wake, Samiha, tangu mtoto huyo alipofiwa na mama yake. Samiha yuko gredi ya saba, shule ya huko Ruring'u. Muhula uliopita hesabu ilimshinda. Ilimshinda kabisa. Walifika mahali pa kuvunja namba mpaka zibaki namba tasa tu, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, naye akawa haoni mbele wala nyuma. Siku moja akabwaga mkoba chini, akasema shule basi. "Nitapika mahamri na wewe," akamwambia nyanya yake.

Maneno hayo yalimchoma Mwanasiti. Yeye mwenyewe alitolewa shuleni akiwa darasa la tatu, kaka zake wakaendelea. Mwanawe, Yasin, anasema: "Mama hakuwa anaongea mambo ya shule. Lakini hiyo siku alilia. Akaniambia, 'Yasin, huyu akiacha, ni kama wameniachisha mara ya pili.'"

Basi alifanya nini? Alijifunga leso, akaenda hadi Ruring'u kumwona mwalimu wa hesabu, Mwalimu Wangechi. Akamwambia, "Nifundishe mimi kwanza." Wangechi alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kila Ijumaa jioni nyanya huyo alijibana kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga mbao, akajifunza kuvunja namba.

Nyumbani akamfundisha Samiha kwa mahamri. Mahamri kumi na mawili kwenye sinia: safu mbili za sita sita. Hayo sita nayo: safu mbili za tatu tatu. Tatu zikagoma kugawanyika. Basi kumi na mbili ni mbili, mara mbili, mara tatu. Mtoto akaanza kupata mwanga.

Lakini Mwanasiti alikuwa na desturi yake, na Majengo nzima inaijua. Hamri likibaki peke yake kwenye sinia, hakuliuza. Lilikuwa sadaka. Walipofika kumi na tatu, moja likazidi, naye mkono ukaenda wenyewe dirishani, akampa mpita njia. Yaliyobaki yakapangika vizuri sana. Samiha akaandika hivyo hivyo kwenye mtihani: kumi na tatu ni mbili, mara mbili, mara tatu! Wangechi alipoelezwa alicheka mpaka akafuta machozi. "Shosho," akamwambia nyanya huyo, "namba haitoangi sadaka. Hiyo moja iko na kazi yake, ndiyo inafanya kumi na tatu ikatae kugawanyika. Wacha ikae."

Ikakaa. Lililozidi lilingoja kwenye sinia mpaka somo liishe, ndipo likatolewa. Na Samiha, pole pole, akaacha kuogopa.

Jumatano ile ile asubuhi, Wangechi alimwita ubaoni. Themanini na nne. Samiha akaivunja: mbili, mara mbili, mara tatu, mara saba. Darasa likampigia makofi. Saa ya chakula hakula. Alikimbia nyumbani, akamwambie nyanya yake kwamba ameelewa, na kwamba shule haachi. Alipofika, akakuta viatu vingi mlangoni.

"Walisema nisiingie," Samiha alituambia. "Nikaingia. Nyanya alikuwa amefunikwa. Nikamwambia tu, 'Nyanya, nimeipata. Siachi shule.'"

Wasikilizaji, hapo mimi nilizima kinasa sauti.

Kwako Samiha, kwako Yasin, na kwa majirani wote wa Majengo, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Mwanasiti Shariff. Nawe unayenisikiliza, uwe Kiriaini, uwe Wang'uru, kaa ufikirie ni nani aliyekuhangaikia. Kama una habari njema ya kumpelekea, usingoje jioni. Mpelekee akiwa bado anaweza kukujibu.