Andikeni Koplo: Maisha ya Luhende Bundala, 1964–2025

Ndugu waombolezaji, kabla ya tarehe na majina, mwoneni kwanza akija. Ni saa moja asubuhi, anatokea upande wa barabara ya Bariadi, anatembea katikati ya njia kana kwamba njia ni yake na bodaboda wameazimwa tu. Shati limechomekwa, viatu vinang'aa ingawa ni msimu wa vumbi. Akikutana na watoto wa shule, yeye ndiye anayesimama na kuwapigia saluti, nao wanamrudishia kwa mkono wowote usio na daftari. Anasema "mwangaluka" mara moja, lakini anasubiri jibu la kila mmoja. Huyo ndiye tunayemzika leo. Wengi wenu mlimwita Koplo. Wapo waliomwita hivyo kwa heshima na wapo waliomwita kwa kejeli, naye aliwaitikia wote kwa sauti moja.

Luhende Bundala alizaliwa tarehe 9 Machi 1964 hapa Nkololo, wakati huo eneo letu likiwa bado mkoa wa Shinyanga. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu Mzee Bundala na marehemu Mama Salu. Alikua na ng'ombe, kama wengi wetu. Siku moja, akiwa na miaka kumi hivi, alikuwa akiongoza maksai kulima shamba la pamba. Maksai mmoja, jina lake Madoa, alilala katikati ya shamba akakataa kuinuka. Luhende alimchapa mpaka fimbo ikakatika, kisha akaenda kukata nyingine. Aliporudi alikuta baba yake amefungua nira. Chini ya nira, kwenye shingo, palikuwa na kidonda kikubwa kama kiganja, kimeanza kuoza. Mzee Bundala hakumchapa mwanawe. Alimwambia tu kwamba kuanzia leo atakiosha kile kidonda kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni mpaka kipone. Kilichukua mwezi mzima, na Madoa alimpiga teke mara mbili. Marehemu alipenda kupandisha suruali kuonyesha kovu la teke la pili. La kwanza, alisema, lilikuwa la hasira. La pili alistahili.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Nkololo kuanzia mwaka 1973 hadi 1979. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, na hilo halikumvunja moyo. Alisoma kila karatasi iliyofungia sukari na kila gazeti lililofika dukani, hata likiwa la mwezi uliopita. Mwaka 1984 alijiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka uliofuata akaandikishwa jeshini. Alipanda kuwa koplo mwaka 1992 na sajini mwaka 1999. Mama Salu alishona picha ya sajini mwenye tepe tatu kwenye kitambaa cha meza, na kitambaa hicho kipo ndani mpaka leo.

Tarehe 11 Agosti 1990, huko Maswa, alifunga ndoa takatifu na Milembe Ngassa, binti wa ukoo wa Binza. Mama Milembe husema alimkubali kwa sababu alikuwa mwanamume pekee aliyekuja kwao akamsalimia mdogo wake kabla ya kumsalimia baba yake. Baba yake, kwa upande wake, alitaka kumfukuza kwa sababu hiyohiyo. Mungu aliwajalia watoto watatu: Justina, Yakobo na Goodness.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo baadhi ya wanakamati ya mazishi waliomba lirukwe. Walisema kwa nia njema kwamba leo wamekuja wageni wenye vyeo, na marehemu asifiwe tu. Kaka yake mkubwa, Mzee Nyanda, alipendekeza hata msalabani paandikwe "Sajini", kwa kuwa usajini aliwahi kuupata kihalali. Familia ilikaa juzi jioni ikasikilizana. Mama Milembe aliwaacha wote wamalize, kisha akasema, "Andikeni Koplo. Mkiandika vingine nitaufuta kwa msasa mwenyewe." Kwa hiyo imeandikwa Koplo, na habari yenyewe inasomwa yote.

Kikosini, Sajini Luhende alikuwa na namna yake ya kushughulika na askari mkaidi. Wengine walikuwa wepesi wa fimbo. Yeye alimtoa askari kwenye mstari, akamkalisha, akamwambia avue mkanda na bereti, na akamuuliza maswali mpaka ajue ukaidi umetoka wapi. Msidhani alikuwa mpole. Askari mmoja aliyekataa zamu ya lindo alikalishwa hivyohivyo, akaulizwa habari za mwili wake, za nyumbani kwake na za wenzake. Hakuonekana na tatizo lolote. Sajini akamwambia, kama baba kwa mwanawe, "Nimekukagua shingo nzima, ng'wanawane, sijaona kidonda. Wewe una uvivu." Yule bwana alichimba shimo la choo kwa wiki mbili, naye Sajini akija kila jioni kulipima kwa kamba.

Jumatano tarehe 20 Oktoba 2004, kwenye gwaride la asubuhi, askari kijana aitwaye Mudathiri alikataa kuingia kwenye mstari. Sajini Luhende alimwamuru mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya tatu Mudathiri alivua bereti, akaitupa chini, na mbele ya kombania nzima akasema, "Sajini, hiyo kwata yako kampigishe mkeo."

Jeshini, neno kama hilo halina njia ya kurudi. Kila mtu alisubiri kuona kijana akivunjwa. Sajini alimtazama, akamwambia koplo wake aendelee na gwaride, akaiokota ile bereti mwenyewe, akaipangusa vumbi. Kisha akamchukua kijana hadi nyuma ya karakana, wakakaa juu ya matairi ya lori. Akamuuliza maswali yake kama kawaida. Mudathiri akasema kwamba mama yake amefariki na alikwisha kuzikwa. Taarifa ya msiba ilifika ofisini kambini siku tano nyuma, ikawekwa kwenye droo, na hakuna aliyemwita. Alikuwa ameisikia usiku uliopita kutoka kwa mtu wa kwao aliyepita getini kumpa pole, akidhani anajua.

Sajini alimpa adhabu papo hapo. Kwanza, kwa kuwa matusi aliyatoa mbele ya watu, ataomba radhi mbele ya watu hao hao. Pili, akirudi kutoka likizo ya msiba, atasugua masufuria ya jikoni siku saba. Mudathiri aliomba radhi mchana huohuo, kombania ikiwa imesimama. Kwa upande wa Sajini, jambo lilikuwa limekwisha.

Kwa upande wa Kapteni, ambaye jina lake halina haja hapa, jambo lilikuwa bado. Yeye aliona kwamba askari akimtukana sajini leo bila kuumia, kesho atamtukana kapteni. Tuseme ukweli, ni hoja ambayo watu wengi wa jeshi wangeikubali, na marehemu mwenyewe hakuwahi kuiita ya kijinga. Kapteni aliamuru Mudathiri arukishwe kichurachura kuzunguka uwanja, gunia la mchanga likiwa mabegani, saa nane ya mchana, mpaka aanguke. Na msimamizi, mwenye fimbo mkononi, awe Sajini Luhende.

Sajini alieleza habari ya ile droo. Kapteni alisema habari ya droo itashughulikiwa na wahusika. Sajini alieleza kwamba adhabu imekwisha kutolewa. Kapteni alisema hiyo haikuwa adhabu, ilikuwa kazi ya mama ntilie. Yaliyofuata yaliandikwa kwenye shauri lake, na marehemu aliyajua kwa moyo.

"Sajini, nimekuomba au nimekuamuru?"

"Umeniamuru, afande."

"Basi?"

"Basi nimekataa, afande."

Kwa hiyo mtu aliyetii na kufundisha utii jeshini kwa miaka kumi na tisa akawa yeye sasa ndiye mkaidi. Alishtakiwa siku ya tatu mbele ya mkuu wa kikosi. Aliulizwa kama ana la kujitetea. Alisema jeshi lisilo na amri ni sherehe ya harusi, kwa hiyo haombi asiadhibiwe. "Amri nimeikataa, adhabu naipokea," alisema, akapiga saluti. Alishushwa kutoka usajini hadi ukoplo. Tepe hazikubanduliwa na mtu mwingine. Alikwenda nyumbani, akakaa mlangoni penye mwanga, akafumua nyuzi za tepe ya tatu kwa wembe, polepole, ili shati lisichanike.

Mudathiri hakurukishwa: siku ileile ya gwaride alikuwa ndani ya basi akielekea kwao. Sajini alikuwa amesaini ruhusa yake ya likizo kabla ya kwenda kujibu kwa Kapteni.

Baada ya wiki mbili mkuu wa kikosi alimwita pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwamba anampa siku thelathini: aandike barua ya kumwomba radhi Kapteni, akiri kwamba alikosea kukataa, na tepe yake itarudi kabla ya Krismasi. Jioni hiyo Mama Milembe aliweka meza, karatasi na kalamu. Hakuficha wakati ule na hafichi leo: yeye alitaka barua iandikwe. Alikuwa na watoto watatu, na wanawake wa kambini walikwisha kuanza kumwita Mama Koplo kwa kuburuta maneno. Alimwambia mumewe kwamba mistari mitatu tu inatosha, na hakuna atakayeisoma.

"Nitaisoma mimi nikiiandika," alimjibu.

"Soma haraka," akasema Mama Milembe.

Alicheka, lakini hakuandika. Siku nyingine Milembe alikasirika kweli, akamwambia anajipenda mwenyewe kuliko wanawe. Hilo lilimwuma. Alikaa na ile karatasi siku nne. Mwishowe aliandika kwamba anaomba radhi kwa kuongea na mkubwa wake kwa sauti kavu, na kwamba kukataa kwenyewe haombei radhi, na kesho akiamriwa hivyo atakataa tena. Barua ilirudishwa kwa maelezo kwamba haikidhi. Siku thelathini zilipita. Krismasi ilipita. Alibaki koplo miaka mitano zaidi, akipigia saluti vijana aliowafundisha kufunga kamba za viatu, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusema kwamba saluti ya Koplo Luhende ilikuwa legevu.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2009, akarudi Nkololo, akalima pamba na mahindi. Kwenye minada na vilabuni walikuwepo waliomkejeli. Mmoja alimwuliza mbele za watu ilikuwaje yeye apande cheo kwa kurudi nyuma. Alimwambia, "Nilisahau kitu, nikarudi kukichukua." Watu wakacheka, na mwulizaji akamnunulia soda. Kuanzia mwaka 2013 aliongoza walinzi wa kiwanda kimoja cha kuchambua pamba pale Bariadi kwa miaka minane. Walinzi wake wapo hapa leo, wamesimama upande ule, na tunawashukuru.

Afya yake ilianza kuyumba Februari 2024 alipopata kiharusi kilichomlegeza upande wa kulia. Daktari alipomwambia mkono huo hautapanda tena juu ya bega, alijifunza kuwapigia watoto saluti kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo mwenyewe alisema ni kosa la kijeshi. Tunawashukuru wauguzi waliomhudumia kwa uvumilivu. Haikuwa rahisi kumwambia mtu yule alale. Tarehe 9 Machi mwaka huu alitimiza miaka sitini na moja. Siku ya Alhamisi hali ilibadilika, akakimbizwa hospitali Bariadi, na Jumapili tarehe 16 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, Mama Milembe akiwa amemshika mkono, alifariki dunia. Jioni ya Jumamosi marehemu alikuwa amemuuliza kama bado anadhani ilimpasa kuiandika ile barua. Mama Milembe alimjibu ndiyo, bado anadhani. Akamshukuru, "Wabeja, mke wangu. Umekataa kunidanganya."

Marehemu ameacha mjane, Mama Milembe Ngassa, watoto watatu, Justina, Yakobo na Goodness, wajukuu watano, kaka yake Mzee Nyanda na dada zake wawili. Familia inamtaja pia Mudathiri, ambaye bado yumo jeshini na sasa ana askari wengi chini yake. Alifika jana na mkewe Naila, na leo alfajiri alikuwa wa kwanza kushika jembe pale kaburini, akakataa kupokewa mpaka kina kilipofika kifuani. Wazee walimwambia apumzike, hakusikia, wakamwacha.

Koplo Luhende Bundala, pumzika kwa amani katika udongo wa kwenu.

Nanyi mliomsindikiza: karibu kila mmoja wenu ana mtu aliye chini yake, awe mtoto, mwanafunzi, kibarua au askari. Kesho mtu huyo akisimama mbele ya wenzake akakwambia hapana, utamfanyaje?