Mikono Isiyopakwa Mafuta: Wasifu wa Marehemu Mzee Pua

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kifungua mimba wa fundi saa, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka. Ugomvi aliuanza mapema. Sekondari alimaliza mwaka 1969 akiwa wa kwanza kwa alama na wa mwisho kwa marafiki.

Baada ya chuo aliajiriwa na maabara inayogonganisha chembe ndogo kuliko atomu. Kazi yake ilikuwa kuunda kifaa cha kutambua elektroni. Elektroni ikipenya matabaka ya plastiki nyembamba hutoa miale ya eksirei. Chembe nzito zinazojifanya elektroni hazitoi. Miale hiyo ilinaswa na mirija yenye gesi, kila mmoja na waya mwembamba katikati. Mafuta ya mikono yakiingia mle, waya huota ukoko, na kifaa hakimjui tena mgeni wala mwenyeji. Kwa hiyo marehemu alisimama mlangoni akinusa mikono ya kila anayeingia, wakamwita Pua.

Mwaka 1974 alimuoa mwalimu wa hesabu. Siku ya harusi alimnusa mikono.

"Nusa vizuri," bibi harusi akamwambia, "maana ndiyo itakayokuzaba."

Tarehe 4 Juni 1986 mirija mipya ilikutwa na ukoko. Marehemu alimgeukia mdogo wake, fundi wa gesi humo humo.

"Lete mikono."

"Kaka, sijapaka kitu."

"Unanukia kama saluni. Toka."

Mdogo mtu akafukuzwa kazi. Mwaka uliofuata marehemu aligundua kwamba mafuta yalitoka kwenye mpira wa kuzibia bomba la gesi, uliochaguliwa na yeye mwenyewe. Mpira aliubadilisha kimyakimya. Neno lake hakulibadilisha. Ndugu hao waliwazika wazazi wao wakiwa wamesimama pande mbili za kaburi.

Mwaka 2018 figo za marehemu zilishindwa kazi, ngozi ikakauka hadi kupasuka. Mdogo wake alihamia kumuuguza, asisalimiwe hata asubuhi moja. Wiki ya mwisho, marehemu alinyoosha mikono.

"Nipake mafuta."

"Mimi? Si nilifukuzwa kwa hayo hayo?"

"Ulikuwa mpira. Nilijua."

"Tangu lini?"

"Paka kwanza."

Akampaka, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Marehemu alifariki tarehe 17 Februari 2019, mikono ikiwa laini.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu, na mdogo wake, aliyeomba jambo moja lisomwe mbele ya watu wa maabara waliosimama hapa: siku ile hakupaka kitu. Limesomwa.

Apumzike kwa amani, na mikono ya wenzake huko aiache.